Karata motoni, ala njiani

Eti mtu wa sala aache burudani? Mwaka 1497, pale Florence, wafuasi wa mtawa Girolamo Savonarola walichoma moto hadharani karata, barakoa na ala za muziki. Mtakatifu Filipo Neri, aliyezaliwa mji huohuo mwaka 1515, alimheshimu sana Savonarola, lakini kule Roma akashika njia yake. Kanivali ikipamba moto, yeye huyo na vijana wake, kwa miguu, kuhiji makanisa 7. Njiani waliimba, ala zikipigwa, kisha wakaketi bustanini kula mkate, mayai na jibini. Divai nayo ilikuwepo. Hija au pikiniki? Mimi naona vyote viwili. Na utani je! Inasimuliwa kwamba alinyoa ndevu upande mmoja tu, akatoka hivyohivyo.