SOMO: Kijana Akimaliza Chuo, Nani Anamshika Mkono?



Kijana akiomba msaada, kamati zetu hufikiria kwanza ada na vifaa. Ada inalipwa, cherehani inakabidhiwa, picha inapigwa, faili linafungwa. Lakini binti anayerudi Kasense na cheti cha ushonaji bado hajui kukadiria bei bila kujipunja, wala namna ya kumjibu jirani anayetaka kushonewa kwa mkopo. Hayo hupatikana kwa mtu aliyeyapitia. Mtu huyo, katika somo hili, tunamwita mlezi wa kazi.

Wazee wa Ufipa waliijua njia hii. Malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma ambayo mabaki yake bado yapo sehemu kadhaa za Ufipa, yalifikia kimo cha mita 3 hivi. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ndipo kikafuliwa jembe. Hakuna aliyejifunza hayo kitabuni. Wasaidizi walikaa na fundi mkuu, wakaona mawe anayochagua na mkaa anaoukataa. Hata hivyo, sehemu ya ujuzi ule ilikuwa siri iliyolindwa sana. Chuma cha kununua kilipoenea katika karne ya 20, matanuri yalizimika, na mengi yakaenda kaburini na wenyewe.

Siri hiyo bado tunayo. Fundi seremala anajiuliza: nikimfundisha huyu kila kitu, si kesho atafungua kibanda mlango wa pili na kunichukulia wateja? Hofu yake ni ya haki, na kumhubiria juu ya upendo hakuiondoi. Kamati ikae naye waelewane kabla kijana hajafika. Pengine apewe posho kwa miezi 6. Pengine kazi ya madawati ya parokia ifanyike kwake, kijana akishiriki. Pengine kijana akubali kuanzia kijiji kingine. Mfadhili anayenunua cherehani asione posho hiyo kuwa gharama ya pembeni. Bila mlezi, cherehani huishia kufunikwa kitambaa sebuleni.

Makubaliano yaandikwe, hata ukurasa mmoja: kijana atajifunza nini, watakutana siku gani, ulezi utaisha lini. Kijana anayefagia na kutumwa chai mwaka mzima hana mlezi, ana bosi. Mjumbe wa kamati apite mara moja kwa mwezi aulize swali moja tu: mteja wa mwisho alipimwa na nani, na bei ilitajwa na nani? Kwa mabinti, tafuteni kwanza fundi mwanamke. Asipopatikana, mafunzo yafanyike mahali pa wazi, na wazazi wajulishwe.

Wapo pia waliojifunza kazi mitaani bila kupita chuo. Hao wasiachwe. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi hupimwa kwa kazi aliyokwisha kuijua, akifaulu hupata cheti. Mlezi mzuri humwandaa kijana wake kwa upimaji huo.

Kwa kikao kijacho, kila kigango kilete majina ya mafundi watatu, wanaume kwa wanawake, ambao watu huwapelekea kazi zao bila kusukumwa. Waulizwe wao wenyewe kwanza, kabla majina hayajasomwa kanisani.