Jiko la Zamani Nyumbani: Mlinunue au Mliache?



Ugomvi mwingi wa nyumbani huanza na kitu kidogo. Leo tuzungumzie kitu ambacho si kidogo: jiko la kuni la zamani, la chuma kitupu, lenye oveni na bomba la moshi, ambalo halibebwi ila na wanaume wanne. Katika nyanda za juu za Kenya, majiko ya namna hii yaliachwa katika nyumba za walowezi, na mengi hujulikana kwa jina la Dover. Nyumba ya kale inapobomolewa au mali inapouzwa, jiko hutolewa nje, na mpita njia huliona. Hapo moyo wa mmoja wenu hufurahi, na wa mwenzake huzama.

Tuwafikirie mume na mke wanaoishi Nyandarua. Mume ameliona jiko kama hilo likiuzwa. Anarudi nyumbani kwa haraka: "Mama watoto, nimepata jiko! Tutaoka mkate, tutaota moto mwezi wa Julai, na gesi tutaisahau." Mke anaweka chini sufuria aliyoishika, anauliza neno moja tu: "Kuni?" Kisha ananyamaza mpaka usiku.

Mume anaona mkewe hapendi maendeleo. Mke anaona mumewe ametaka kumrudisha nyuma. Wote wawili wamekosea, kwa sababu hakuna aliyemwuliza mwenzake sababu yake.

1. Sikilizeni kwanza kilicho nyuma ya jiko

Nyanya yake mume alikuwa mpishi katika nyumba ya mlowezi. Alioka mikate kwa jiko kama hilo miaka mingi, mikate ambayo yeye hakukaribishwa mezani kuila. Mjukuu huyu anatamani jiko hilo liwe katika nyumba yake mwenyewe, na mkate wake uliwe na watoto wake. Hilo si jambo la kuchekwa.

Mke naye alibeba kuni mgongoni tangu akiwa msichana wa darasa la tatu. Siku waliponunua mtungi wao wa kwanza wa gesi, alijiambia kwamba binti zake hawatavutwa na kamba ya mzigo kichwani. Hilo nalo si uvivu.

Mkiliona jiko na kuvutwa nalo, au kuchukizwa nalo, jiulizeni: Linanikumbusha nini? Mwambie mwenzako. Huenda mkagundua kwamba hamgombani juu ya chuma.

2. Anayesimama mbele ya moto atangulie kusema

Kanuni yetu ni hii: katika kununua chombo cha kazi ya kila siku, sauti ya kwanza ni ya yule atakayekitumia kila siku. Si sauti pekee, lakini ni ya kwanza. Mwenye pesa mfukoni asiseme, "Nimekwisha lipa." Zawadi inayomwongezea mwenzako kazi ambayo hakuiomba si zawadi.

Historia inatupa mfano. Mwaka 1912 mvumbuzi wa Uswidi, Gustaf Dalén, alipofuka macho katika mlipuko wa gesi alipokuwa akifanya majaribio. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa uvumbuzi wake katika taa za kuongozea meli. Husimuliwa kwamba alipokaa nyumbani bila kuona, ndipo alipotambua jinsi upishi ulivyomchosha mke wake. Mwaka 1922 alisajili uvumbuzi wa jiko la AGA, la chuma kizito kinachotunza joto, lisilohitaji kuchochewa mara kwa mara. Mtu aliyeangaza bahari aliijua kazi ya jikoni mwake baada ya kupoteza macho. Je, wewe mume mwenye macho mawili, unaijua ya jikoni mwako?

Basi kabla ya kununua, fanyeni jaribio la wiki moja. Anayelitaka jiko apike chakula cha familia kwa kuni, hata kama ni kwa mafiga matatu nyuma ya nyumba. Apasue kuni mwenyewe, azoe majivu, awashe moto saa kumi na moja alfajiri ili watoto wapate chai kabla ya shule. Siku ya saba mzungumze. Atakuwa ama ameacha kulitaka, ama analitaka huku akijua gharama yake.

3. Pimeni faida kwa haki

Jiko hili lina faida za kweli. Likiwa na bomba zuri, moshi hutoka nje badala ya kuingia mapafuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kwa familia inayopikia mafiga matatu ndani ya nyumba, jiko lenye bomba ni hatua kubwa mbele. Tena moto mmoja hufanya kazi nyingi: juu githeri inachemka, ndani mkate unaiva, pembeni maji ya kuoga yanapata joto, na chumba kizima kinapata vuguvugu.

Lakini kwa familia iliyozoea gesi, hatua hiyo yaweza kuwa ya kurudi nyuma. Chuma kizito hukawia kupata joto. Kuiandaa oveni kwa mkate huchukua nusu saa na zaidi. Kwa kikombe kimoja cha chai, ni kuwasha msitu ili kuchoma kiazi. Na mwezi wa Februari, joto lililopendeza Julai litamfukuza mpishi jikoni.

Kwa hiyo wengi watafanya vyema kutunza gesi kwa asubuhi na kwa haraka, na kulitumia jiko la kuni jioni, siku za baridi na siku za kuoka. Kama hamna nafasi ya majiko mawili, fikirini tena.

4. Bei ya jiko ndiyo gharama ndogo

Chukueni karatasi mwandike pamoja: bei ya jiko, gari la kulibeba na vijana wa kulishusha, sakafu ya saruji ya kulistahimili, bomba jipya la moshi na fundi wa kulipitisha kwenye mabati bila mvua kuvuja, vipuri, na kuni.

Kuni zihesabiwe kwa makini. Tuseme mnatumia kilo 8 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 240, na kwa mwaka ni karibu tani 3. Zitatoka wapi? Mwenye miwati au mikalitusi shambani mwake ana jibu. Mwenye ploti ndogo mjini atanunua kila mzigo. Pia zinahitaji banda la kuzikausha miezi sita hadi mwaka mzima. Kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake, na moshi wake hugandisha lami kwenye bomba. Lami hiyo ikishika moto, bomba huwaka na nyumba inaweza kuteketea.

Mkiisha kujumlisha, iwekeni hesabu hiyo kando ya karo ya shule na mkopo wa chama. Kama jiko linakula fedha ya karo, jibu mnalo.

5. Mkienda kulitazama, nendeni wawili

Muuzaji atasema, "Kesho halitakuwapo." Na lisiwepo! Siku ya kwanza msitoe pesa. Chukueni tochi, nyundo ndogo na kipande cha karatasi.

Kwanza, nyufa. Jiko hili ni la chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ni chuma kigumu lakini hupasuka. Gongeni kila bamba taratibu: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu. Angazeni tochi ndani ya chumba cha moto. Kama mwanga unatokea upande wa pili, moshi utatokea vilevile. Msidanganywe kwamba fundi yeyote wa kuchomelea atauziba ufa. Chuma cha aina hii kinahitaji vijiti maalumu na ujuzi wake, la sivyo hupasuka upya kando ya kiraka.

Pili, wavu unaoshikilia kuni. Ukiwa umepinda au umeliwa na moto, ulizeni bei ya kumiminiwa mwingine. Bomba la mabati si tatizo. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, wana ujuzi wa mabati.

Tatu, mlango wa oveni. Funga mlango ukibana karatasi, kisha ivute. Ikitoka bila kukazwa, joto nalo litatoka.

Nne, kamba na vifuniko vya kuzuia joto. Katika majiko ya zamani vyaweza kuwa vya asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Msikwangue wala kupiga brashi kavu. Mwiteni anayejua kazi hiyo, au liacheni jiko hilo.

Tano, ombeni liwashwe. Jiko lisiloweza kuwashwa mbele ya mnunuzi linunuliwe kama pambo, kwa bei ya chuma chakavu.

Kama ni jiko la zamani la gesi au la umeme, mashaka ni mengine: mpira uliokauka, vitundu vilivyotengenezwa kwa gesi ya aina nyingine, nyaya zilizochunika. Hapo msiamini macho yenu. Apimwe na fundi mwenye leseni kabla ya pesa kutoka.

6. Nyumbani, usalama kabla ya uzuri

Nyumba nyingi za kwetu huku baridini ni za mbao. Acheni karibu mita moja kati ya jiko na ukuta wa mbao usiokingwa. Bomba la mabati lisikaribie mbao kwa chini ya sentimita 45, na lipande juu kupita kilele cha paa. Lisafishwe mara kwa mara. Dirisha lisizibwe kabisa, kwa kuwa moto usiopata hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Kama mna mtoto anayetambaa, wekeni kizuizi, maana jiko hili ni moto pande zote, si juu tu.

Wale wawili wa Nyandarua walizungumza usiku wa tatu. Jumamosi walikwenda pamoja. Mke ndiye aliyeshika tochi, na ndiye aliyeuona ufa mrefu nyuma ya chumba cha moto. Kabla ya kuondoka nyumbani walikuwa wamekubaliana: likiwa na ufa, tunarudi mikono mitupu. Walirudi mikono mitupu. Mume hakusema neno njia nzima, na mke hakumwambia, "Si nilikuambia?"

Wiki mbili baadaye mke ndiye aliyelirudia jambo lile. "Baba watoto, ukipata lingine zima, tutalitazama. Lakini kuni ni zako, na gesi inabaki." Huenda watalipata, huenda wasilipate. Jiko halijaingia, lakini yeye amekwisha kulisikia neno la nyanya, na mume amekwisha kuusikia uzito wa ule mzigo wa kuni.

Maswali ya kuzungumza wawili

Zimeni redio na simu, watoto wakiisha kulala, kisha kila mmoja ajibu bila kukatizwa:

1. Jiko hili linanikumbusha nini, kizuri au kichungu?
2. Nani atawasha moto alfajiri, nani atapasua kuni, nani atazoa majivu? Tutaje majina.
3. Jumla ya gharama zote ni shilingi ngapi, na zitatoka wapi?
4. Ni kasoro gani tukiiona tutaondoka bila kununua?
5. Kama mmoja wetu bado hajaridhika, tuko tayari kungoja?

Swali la tano ndilo kubwa. Majiko ya zamani yamedumu miaka sitini na zaidi. Yanaweza kungoja mwezi mmoja mwingine. Mwenzako asiyeridhika asingojeshwe.