Miguu Iligoma Kwenye Mbio, Kosa Lilikuwa Kwenye Baiskeli

Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, na saa haisimami mpaka mstari wa mwisho. Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, kwa masafa ya kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Yapo marefu zaidi. Agosti 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, uliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya Ironman 70.3: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio. Mwanariadha mmoja wa ridhaa, mfanyakazi wa ofisini Dar es Salaam, alikwenda kushiriki huko. Aliogelea kwa dakika 52, akaendesha kwa saa 3 na dakika 20, kisha akatumia saa 2 na dakika 55 kwenye mbio, sehemu kubwa akitembea. Amerudi na maswali. Mimi ni kocha wa watu kama yeye, na haya ndiyo niliyomjibu.

Kocha, nilianza mbio vizuri tu, lakini kufika kilomita ya saba miguu ikagoma. Nimeamua kuongeza mbio ndefu kila Jumapili. Nipo sawa?

Hapana, ndugu yangu. Karibu kila mtu huamua hivyo baada ya mashindano: pale alipoumia ndipo anapotaka kurekebisha. Hebu tuitazame saa yako. Kilomita 45 za kwanza za baiskeli ulizimaliza kwa saa moja na nusu. Zilizofuata zilikuchukua saa moja na dakika 50. Kwa hiyo ulianza kuchoka ukiwa bado umekaa kwenye tandiko, muda mrefu kabla hujavaa viatu vya kukimbilia.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini. Ukienda kwa nguvu nyingi, akiba hiyo hutosha kama saa moja na nusu hadi mbili. Wewe uliitumia kuwapita watu mlimani. Mafuta ya mwili ni mengi, lakini huungua polepole, hayawezi kukupa kasi uliyoizoea. Hiyo kilomita ya saba ilikuwa siku ya kulipa deni.

Kipimo hakihitaji kifaa cha bei ghali. Kwenye nusu ya kwanza ya baiskeli uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukiona maneno yanatoka moja moja, punguza. Mlimani badilisha gia mapema, kabla miguu haijaanza kusukuma kwa shida, na ujaribu kubaki kwenye mizunguko 80 hadi 90 ya pedeli kwa dakika. Ukishindwa kuifikia kwa sababu mlima ni mkali, ikubali kasi ndogo. Watakaokupita pale utakutana na wengi wao kwenye mbio.

Lakini nilikula. Ndizi mbili na jeli moja njiani. Haitoshi?

Tupige hesabu. Ndizi ya wastani ina kama gramu 25 za wanga, na jeli moja ni kama hivyo hivyo. Jumla gramu 75 kwa saa 3 na dakika 20, yaani gramu 22 na kidogo kwa saa. Kwa safari ya aina hii tunalenga gramu 60 kwa saa, na waliozoesha matumbo yao hufika 90 kwa kuchanganya glukosi na fruktosi. Ulikula zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya ulichohitaji. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza la kurekebisha, hata kabla ya mazoezi yenyewe.

Huhitaji pakiti za kuagiza nje. Chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko 15 vya chai vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia ndimu. Hapo una gramu 60 za wanga kwenye chupa moja. Kwa joto la mwambao wengi hunywa nusu lita au zaidi kwa saa, kwa hiyo sehemu iliyobaki ijazie kwa ndizi au tende zilizotolewa kokwa. Weka saa ikulilie kila baada ya dakika 20, ule hata kama huna njaa. Njaa ikishaanza umechelewa.

Nikila sana tumbo hujaa, nikikimbia nahisi kutapika.

Kwa sababu siku ya mashindano ndiyo siku ya kwanza unalilazimisha. Tumbo nalo hufanya mazoezi. Anza na gramu 30 kwa saa kwenye safari ya Jumamosi, panda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Na chakula kingi kile ukiwa kwenye baiskeli, kwa kuwa hapo mwili umetulia. Kwenye mbio kila hatua hulitikisa tumbo. Usinywe maji matupu kupita kiu, saa baada ya saa, ukidhani unajilinda. Maji mengi mno hushusha chumvi kwenye damu, na hali hiyo inaweza kuua.

Nimezoea bahari, naogelea Msasani. Kwa nini Kivu ilinitesa?

Maji ya chumvi yalikuwa yanakusaidia bila wewe kujua. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa takriban asilimia 2.5, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuinua nyonga na miguu. Ziwani miguu ilizama, ukawa unaburuta mwili badala ya kuupenyeza. Dawa yake ni mkao wa mwili kuwa sahihi. Kuongeza nguvu hakusaidii, kwani ukizidisha kasi mara mbili, maji hukupinga takriban mara nne. Tazama chini, usitazame mbele. Toa pumzi yote ukiwa umezamisha uso, polepole, ili ukigeuza kichwa kazi iwe ni kuvuta tu. Wengi wanaosema hawana pumzi majini kumbe hawajaitoa ile ya kwanza.

Halafu kuna jambo lililonishangaza kwenye rekodi yako. Njia ilikuwa kilomita 1.9, saa yako inaonyesha 2.2. Hata tukiisamehe saa makosa yake kidogo, ulizunguka. Kila baada ya mikono sita hadi kumi, inua macho tu kama mamba, tafuta boya, kisha rudisha uso. Chagua pia kitu kikubwa nyuma ya boya, mlima au jengo, maana boya hufichwa na vichwa vya watu. Zoezi hili lifanye hapo hapo Msasani maji yakiwa yamejaa, ukilenga ngalawa iliyotia nanga, na usiingie peke yako.

Na mwinuko?

Ziwa Kivu lipo kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi unayovuta pale ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar. Huwezi kuibadilisha hewa, ila unaweza kufika siku kadhaa mapema ukipata ruhusa kazini, na kuanza taratibu kuliko unavyopenda.

Nilitumia dakika saba kutoka majini hadi kupanda baiskeli.

Hizi ni dakika za bure. Panga vitu kwa mpangilio mmoja na uurudie nyumbani sebuleni mpaka mikono izoee: helmeti, miwani, viatu. Helmeti kwanza, na uifunge kabisa kabla hujaigusa baiskeli. Ukikiuka hilo waamuzi wanakuadhibu.

Asubuhi ya mashindano nilimeza diklofenaki kwa ajili ya goti. Ni vibaya?

Ni vibaya sana, na naomba usirudie. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na wewe tayari una upungufu wa maji na misuli iliyochakaa. Ukiwaza kuimeza ili uweze kuanza, basi usianze. Na baada ya mashindano yoyote marefu, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Goti lenyewe mwonyeshe mtaalamu wa viungo, mara nyingi tandiko lililo chini mno ndilo chanzo.

Nina saa sita tu kwa wiki. Nifanye nini?

Saa mbili na nusu za Jumamosi ziwe za baiskeli, toka kabla ya mapambazuko magari hayajajaa Barabara ya Bagamoyo, na taa ziwake mbele na nyuma. Ukishuka tu, vaa viatu ukimbie dakika 20. Miguu itakuwa mizito dakika za mwanzo, na ndiyo sababu ya zoezi. Saa mbili ziende majini, siku mbili tofauti. Saa moja mbio za taratibu. Dakika zilizobaki ni za kunyoosha viungo na kukagua baiskeli: breki, cheni, tairi. Beba tyubu ya akiba na ujue kuziba pancha mwenyewe.

Nirudi Rubavu mwakani?

Rudi. Ila kwanza tafuta mashindano ya masafa ya Olimpiki, na uyatumie kujaribu mambo mawili tu: nusu ya kwanza ya baiskeli uwe unaweza kuongea, na gramu 60 kila saa. Ukimaliza kilomita kumi za mwisho ukikimbia bila kutembea, lipa ada ya Rubavu. Ukitembea, subiri mwaka mmoja zaidi.