Kupunguza Mwili kwa Vinywaji vya Nyumbani

Maji ya ndimu na tangawizi hayayeyushi kitambi. Tunalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaoyanywa kila alfajiri, kisha wakala chapati mbili kwa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, wakingoja tumbo lipungue.

Kinywaji cha nyumbani husaidia pale kinapochukua nafasi ya sukari. Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari. Anayetia vijiko vitatu na kunywa vikombe vitatu kwa siku amekwisha kunywa gramu 36, hata kabla hajagusa soda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri sukari isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikishuka hadi gramu 25 hivi. Asali na juisi ya matunda zimo katika hesabu hiyo. Juisi ya miwa nayo imo, hata ikikamuliwa mbele ya macho yako na kutiwa ndimu.

Sisi tunapendekeza rozela kuliko vyote. Osha konzi moja ya maua makavu, uyachemshe kwa dakika 10 katika lita moja na nusu ya maji, pamoja na tangawizi iliyopondwa na kijiti cha mdalasini. Epua, funika, ikipoa uichuje. Uchachu wake ndio huwafanya wengi wakimbilie sukari. Badala yake, ichemshe pamoja na maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri, au ongeza maji. Ukishindwa kabisa, anza na nusu ya sukari uliyoizoea, upunguze kila wiki, ulimi huzoea.

Mchaichai ni rahisi zaidi, na hufaa jioni badala ya chai ya maziwa na maandazi. Hata maji matupu, glasi mbili nusu saa kabla ya mlo, huwasaidia baadhi ya watu wazima kula kidogo.

Rozela hushusha presha kiasi, kwa hiyo anayetumia dawa za presha amuulize kwanza mhudumu wa afya, mjamzito vilevile. Ndimu hudhoofisha meno: sukutua kwa maji, na usipige mswaki papo hapo.

Yaepuke majani ya kuharisha yanayouzwa kama chai ya kukata tumbo. Mizani itashuka kwa sababu umepoteza maji na choo, mafuta yakiwa palepale, na kuharisha kwa muda mrefu huweza kuupunguzia mwili chumvi ambazo moyo unazihitaji.