Ukienda Carnton, Anzia Kwa Akina Carter

Nyumba ya Carnton, mjini Franklin katika jimbo la Tennessee, inavutia tangu mbali kwa matofali yake mekundu na nguzo nyeupe. Wageni wengi hufika, hupiga picha barazani, kisha huondoka wakidhani wameiona. Usifanye hivyo. Anza na nyumba ya akina Carter, barabara ya Columbia, mahali vita vya Franklin vilipopamba moto.

Jioni ya Novemba 30, 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la majimbo ya Kusini chini ya Jenerali John Bell Hood liliwashambulia askari wa serikali ya Marekani waliojichimbia mahandaki kusini mwa mji. Mapigano yalichukua kama saa tano, mengi yake gizani. Waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea walikaribia 10,000. Akina Carter walijificha chumba cha chini ya nyumba. Uani bado kipo kibanda kilichokuwa ofisi ya shamba, kimetobolewa risasi. Sogea karibu, chagua ubao mmoja, uhesabu matundu yake. Hapo ndipo utakapoelewa maana ya kusimama nje ya ukuta ule usiku ule.

Sasa nenda Carnton. Randal McGavock aliijenga mwaka 1826, na vita vilipofika walikuwa wakiishi humo mwanawe John na mkewe John, Carrie. Nyumba ikageuka hospitali usiku huohuo. Ndani huingii bila mtembezaji, kwa hiyo tiketi ikate mapema, hasa ukienda mwishoni mwa Novemba. Ghorofani, usiburuzwe na kundi. Baki nyuma kidogo utazame sakafu ya chumba ulimofanyika upasuaji: damu ilizama kwenye mbao, na madoa yake meusi yanaonekana hadi leo. Baraza la nyuma ndipo ilipolazwa miili ya majenerali wanne wa Kusini.

Majenerali utasimuliwa bila kuomba. La kuulizia ni habari za watumwa, maana shamba hili liliendeshwa kwa jasho lao. Muulize mtembezaji juu ya Mariah Reddick, mwanamke mtumwa aliyeletwa kutoka Louisiana Carrie alipoolewa. Uliza alifanya kazi gani, alilala wapi, na maisha yake yalikuwaje baada ya uhuru. Ukisikia kuna ziara maalumu kuhusu utumwa, chukua hiyo hata kama ni ndefu zaidi. Kwangu mimi, anayetoka pale bila kusikia habari hizo ameoneshwa nusu ya nyumba.

Vaa viatu vya kutembelea, kwani makaburi yako nje, kwenye nyasi. John McGavock alitoa ardhi hiyo mwaka 1866, na wamezikwa hapo askari wa Kusini karibu 1,500, wakiwa wamepangwa kwa majimbo yao. Wa serikali usiwatafute hapo. Wengi walihamishiwa makaburi ya Stones River, Murfreesboro.

Kabla ya kurudi Nashville, ambako ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, pita uwanja wa katikati ya mji. Tangu 2021 imesimama hapo sanamu ya askari mweusi wa jeshi la serikali, na karibu yake kuna mabango yanayoeleza jinsi watumwa walivyouzwa mjini humo. Yasome yote.