Somo la Mwezi: Ulevi Mwaloni Busisi

Somo letu la safari hii tumelichukua hapa hapa nyumbani. Twaomba lisomwe na wazee wa kanisa, akina mama wa Umoja na vijana wakiwa wameketi pamoja, kwa maana tunapotaja ulevi kila kundi hulilaumu kundi jingine.

Sote twaikumbuka Busisi ya kivuko. Magari yalipanga foleni, pengine kwa saa nyingi, na katika foleni hiyo watu walikunywa chai, wakanunua samaki, ndizi na maji. Kijana asiye na shamba wala mtumbwi alipata riziki kwa kubeba mizigo. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na sasa gari hupita kwa dakika chache bila kusimama. Tulimshukuru Mungu na tungali tunamshukuru, maana mgonjwa hangoji tena kivuko usiku. Lakini foleni ilipokwisha, riziki ya foleni nayo ilikwisha. Kijana yule wa mizigo hakuondoka. Yuko mwaloni bado, mikono mitupu, na mchana ni mrefu.

Pamoja naye wako wavuvi wa dagaa. Kazi yao ni ya usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, basi mitumbwi huvutwa mchangani na watu hukaa siku kadhaa bila kazi. Siku hizo ndizo fedha ya mgao iko mfukoni, mke na watoto wako mbali kijijini, na nyumba ya pombe iko karibu na kambi. Tumezoea kusema tu kwamba wavuvi ni walevi. Afadhali tutazame mwezi! Ulevi wa mwaloni una siku zake, na jambo lenye siku zake laweza kupangiwa mapema.

Wengine watauliza, serikali iko wapi? Gongo imekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1966. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na marufuku ile ilikuwa na maana, kwa kuwa kiroba kilikuwa rahisi mno kwa bei na rahisi kufichwa katika mfuko wa mtoto wa shule. Lakini gongo haitoki kiwandani. Hupikwa nyuma ya nyumba, na tuseme kweli, pengine ni nyumba ya mtu tunayekaa naye benchi moja siku ya Jumapili.

Hapa somo letu ni gumu. Mpishi wa gongo mara nyingi ni mama mjane, au mama aliyeachwa. Fedha ya pipa lile ndiyo daftari na sare za watoto. Tukimtenga, kesho atapika tena, ila kanisani hatutamwona. Hatusemi kwamba kazi yake ni njema. Gongo haina apimaye nguvu yake wala usafi wake, na ikichanganywa na spiriti ya viwandani huua: huko Nairobi mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Tunalosema ni kwamba amwambiaye mama huyu "acha" hana budi kumwonyesha la kushika. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana huomba kwa vikundi. Sasa mjane wa gongo atapata wapi kikundi, ikiwa hakuna kinachomtaka? Akina mama wa Umoja, hili ni lenu. Litawagharimu minong'ono ya vikao viwili vitatu.

Kwa wavuvi, fedha ishikwe kabla ya jioni. Wako wenye mitumbwi ambao ni washarika wetu; hao tunawaomba wagawe fedha asubuhi, na si usiku mlangoni pa pombe. Mvuvi atume sehemu ya nyumbani kwa simu pale pale, na sehemu nyingine aitie katika sanduku la akiba mbele ya wenzake, kiasi atakachochagua mwenyewe. Mpira wa vijana nao usingoje Jumamosi, uchezwe siku za mbalamwezi.

Jambo moja la hatari tusilipite. Mtu aliyelewa kila siku kwa miaka mingi, akikatishwa pombe ghafla, aweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kuanguka kifafa, hata kufa. Ndugu zake humfungia ndani wakidhani ni pepo. Tumwombee, lakini tumwombee tukiwa njiani kumpeleka kituo cha afya. Naye aliyenaswa na heroini asikate tamaa: katika Hospitali ya Sekou Toure jijini Mwanza kuna kliniki ya methadoni. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kwa safari ya namna hiyo daraja limetusaidia sana.

Maswali ya kuzungumza katika mitaa:

Ni nani kati yetu anayegawa fedha ya mtumbwi, na huigawa saa ngapi?

Ni mama yupi hatujamwalika katika kikundi cha akiba kwa sababu ya pipa lake, na ni nani atakayekwenda kubisha hodi kwake kabla ya mwezi mwandamo?