Mafungunyota na Nebula za Sayari katika Anga ya Malindi: Maswali na Majibu kuhusu Upigaji Picha kwa Darubini

Swali: Fungunyota na nebula ya sayari ni vitu gani, na kwa nini vinamfaa mpiga picha anayetumia darubini ndogo?

Jibu: Fungunyota ni jamii ya nyota zilizozaliwa katika wingu moja la gesi na vumbi, ambazo bado zimefungamana kwa nguvu ya mvutano wao. Fungunyota wazi huwa na nyota makumi hadi maelfu machache, aghalabu changa, mfano wake maarufu ukiwa ni Kilimia, kilicho umbali wa takriban miaka ya nuru 440, yaani umbali ambao nuru huchukua miaka 440 kuusafiri. Fungunyota tufe, kwa upande wake, huwa na nyota kongwe mamia ya maelfu zilizosongamana kwa umbo la mpira. Nebula ya sayari haihusiani na sayari yoyote. Ni gesi iliyomwagwa na nyota inayofanana na Jua, au inayolizidi kiasi, inapofikia mwisho wa maisha yake, kisha ikaangazwa na kiini chenye joto kali kilichobaki katikati. Jina lake lilienea kutokana na William Herschel, ambaye katika miaka ya 1780 aliona viduara hivyo vikifanana na sayari katika darubini yake. Vitu hivi humfaa mwenye chombo kidogo kwa sababu nuru yake imekusanyika katika eneo dogo la anga, tofauti na galaksi hafifu ambazo nuru yake imetawanyika na humezwa kwa urahisi na mwanga wa miji.

Swali: Pwani ya Malindi na Kilifi ina faida gani kwa kazi hii?

Jibu: Faida kuu ni mahali penyewe. Malindi iko takriban nyuzi 3.2 kusini mwa ikweta na mji wa Kilifi nyuzi 3.6, na kwa hiyo karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu ya upeo wa macho katika mwaka mmoja. Fungunyota tufe liitwalo Omega Centauri, lenye nyota zinazokadiriwa kufikia milioni 10 na lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 17,000, halionekani kabisa kutoka sehemu kubwa ya Ulaya, lakini Malindi hupanda hadi nyuzi 46 hivi upande wa kusini. Na M13, fungunyota tufe jingine ambalo waangalizi wa kaskazini hulihesabu kuwa fahari ya anga yao, hupanda hadi nyuzi 50 upande wa kaskazini. Katikati ya usiku wa Juni yote mawili huwa angani kwa wakati mmoja, na mpiga picha anaweza kuyalinganisha kwa chombo kilekile na hewa ileile, jambo ambalo wenzake wengi wa Ulaya hulifikia kwa kusafiri tu. Ni lazima pia kutaja mpaka wa faida hiyo: 47 Tucanae, fungunyota tufe la pili kwa mwangaza, halipandi zaidi ya nyuzi 21, na nuru yake hupenya hewa nene karibu mara tatu ya ile iliyo utosini.

Swali: Ni miezi gani inafaa, na kwa vitu vipi?

Jibu: Pwani hii hufuata pepo zake. Majira ya kaskazi, hasa Januari na Februari, huwa na mvua chache, na ndipo Jabari, Kilimia na kundinyota la Shetri huwa juu mwanzoni mwa usiku. Katika Shetri limo fungunyota wazi M46, ambalo linastahili kuwa shabaha ya kwanza ya mpiga picha wa Malindi: upana wake unakaribia ule wa Mwezi mpevu, hupanda hadi nyuzi 78, na mbele yake huonekana nebula ya sayari NGC 2438, kiduara chenye upana wa takriban dakika moja ya tao, dakika ya tao ikiwa ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Kasi za vitu hivyo viwili zimepimwa na kuonyesha kwamba nebula si mali ya fungunyota, bali vimepangika kwenye mstari mmoja wa kutazama, hivyo kwamba picha moja hubeba tabaka mbili za kina cha anga. Mvua za masika hufunga sehemu kubwa ya Aprili na Mei. Kusi inapotulia, kuanzia Agosti hadi Oktoba kabla ya mvua za vuli kushika, hufika zamu ya fungunyota wazi M7 katika kundinyota la Akarabu, M27 ambayo Charles Messier aliiona mwaka 1764 na ikawa nebula ya sayari ya kwanza kugunduliwa, na nebula ya sayari Helix katika kundinyota la Dalu, iliyo pana kuliko nyingine nyingi na hafifu kuliko sifa zake zinavyodokeza.

Swali: Kwa nini wengi hushindwa kuelekeza viweko vya darubini zao kwenye ncha ya anga?

Jibu: Hili ndilo tatizo halisi la ukanda wa ikweta, na vitabu vya mafundisho, vilivyoandikwa kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani, hulipita kwa sentensi moja. Kiweko cha kiikweta ni kile chenye mhimili unaopaswa kulala sambamba na mhimili wa Dunia ili injini yake ifuate mzunguko wa anga kwa mwendo mmoja. Malindi ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 3 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya ukungu wa chini, na nyota ya Sigma Octantis inayotumika kuitambua ni hafifu mno kuonekana humo. Polaris ya kaskazini nayo iko chini ya upeo. Zaidi ya hayo, viweko vingi haviwezi kuinamishwa hadi nyuzi 3, na hata vikiinamishwa, ufito wa uzani hugonga mguu wa tripodi. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kutengeneza kabari ya kudumu na nguzo fupi ya kunyanyua kichwa cha kiweko, kisha mhimili ukarekebishwa kwa kutazama mwelekeo ambao nyota iliyo karibu na utosi, na baadaye nyota iliyo chini mashariki, huponyoka kutoka katikati ya picha, bila kuiona ncha yenyewe.

Njia ya pili ni kuacha kiikweta na kutumia kiweko kinachopanda, kushuka na kugeuka mlalo, kama vile darubini ndogo za kisasa zinazojiongoza zenyewe. Kasoro yake inajulikana: nyota hubaki katikati, lakini picha nzima huzunguka polepole. Watumiaji wengi hawajui kwamba karibu na ikweta mzunguko huo hutofautiana sana kwa mwelekeo. Nyota za ukanda wa Jabari huchomoza Malindi zikipanda karibu wima, na zikiwa nyuzi 45 upande wa mashariki picha huzunguka chini ya nyuzi 2 kwa saa. Omega Centauri ikiwa kusini kwa kimo hichohicho, picha huzunguka takriban nyuzi 21 kwa saa, kiasi kwamba katika sekunde 30 nyota iliyo pikseli 1,000 kutoka katikati husogea pikseli 3. Kwa hiyo, mwenye kiweko cha namna hii na apige vitu vilivyo mashariki au magharibi kwa sekunde 30 au zaidi, vya kusini na kaskazini kwa sekunde 10, na aepuke utosi.

Swali: Je, sekunde 10 zinatosha kuonyesha kitu chochote?

Jibu: Zinatosha zikirudiwa. Picha mia kadhaa hulinganishwa na programu kwa kutumia nafasi za nyota, kisha hupatanishwa kuwa moja. Nuru ya kitu huongezeka sawasawa na idadi ya picha, ilhali mchafuko wa bahati nasibu huongezeka kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo tu, na hivyo picha 100 hutoa usafi mara 10 wa picha moja. Programu za Siril na DeepSkyStacker hufanya kazi hiyo bila malipo.

Swali: Joto, umande na chumvi hudhibitiwaje?

Jibu: Kihisi cha kamera, yaani kipande kinachopokea nuru, huzalisha mkondo wa umeme hata gizani, na mkondo huo hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi. Kwa kuwa usiku wa Malindi joto hubaki juu ya nyuzi 20, kamera yenye kipoozi cha umeme ina thamani kubwa zaidi hapa kuliko katika nchi za baridi. Asiye nayo hana budi kupiga picha za giza, lenzi ikiwa imefunikwa, usiku uleule na kwa muda uleule, ili programu iondoe alama za mkondo huo pichani. Umande huzuiwa kwa mkanda wa joto unaozungushwa mdomoni mwa darubini. Chumvi ni adui mbaya zaidi, maana hula chuma na utando wa vioo bila kuonekana. Chombo kisiachwe nje mchana, kisifutwe kikavu, na kihifadhiwe ndani ya sanduku lenye silika jeli. Kwenda bara kidogo, kama Marafa, hupunguza chumvi na mwanga wa mji kwa pamoja.

Swali: Vichujio vya rangi vina umuhimu gani?

Jibu: Kwa mafungunyota havina umuhimu mkubwa, kwani nyota hutoa rangi zote. Kwa nebula za sayari huamua kila kitu. Mwaka 1864 William Huggins alipitisha nuru ya nebula NGC 6543 katika spektroskopu, chombo kinachotenganisha nuru katika rangi zake, akaona mistari michache ya kung'aa badala ya utepe kamili, na hivyo ikathibitika kwamba kitu hicho ni gesi. Mistari ya kijani haikufanana na elementi yoyote iliyojulikana, na ikadhaniwa kuwa ya elementi mpya, hadi Ira Bowen alipoeleza mwaka 1927 kwamba inatokana na oksijeni iliyopoteza elektroni mbili katika gesi nyembamba mno. Mstari mkuu uko kwenye nanomita 500.7, na ule mwekundu wa hidrojeni kwenye 656.3. Kichujio kinachopitisha mistari hiyo miwili tu huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa za mahoteli na kuiacha nebula. Hata hivyo, mwanga usiowashwa ni bora kuliko ule uliochujwa, na katika fuo za Watamu, ambako kasa hutaga, taa zinazoelekezwa baharini hupoteza pia vifaranga wanaotafuta maji.

Swali: Je, inafaa kutumia programu za akili bandia kuongeza undani wa picha?

Jibu: Kupunguza mchafuko kwa kiasi kunakubalika, ikiwa kimeelezwa kilichofanywa. Kuongeza nyuzi za gesi ambazo darubini haikuzipokea ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa picha ya anga ni kipimo kabla ya kuwa pambo, na pikseli iliyobuniwa haina tena habari ya nyota.

Swali: Kuna uhusiano wowote kati ya vitu hivi na historia ya pwani hii?

Jibu: Uko, na ni wa moja kwa moja. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kutimia miaka 7 ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa na kikosi cha Waitalia kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Orodha yake ya nne ilikuwa na vyanzo 339, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Miongoni mwa vyanzo hivyo vimo vilivyomo ndani ya mafungunyota tufe, kimojawapo kikiwa katika M15, fungunyota lilelile ambamo Francis Pease alitambua mwaka 1928 nebula ya sayari ya kwanza kujulikana ndani ya fungunyota tufe. Mwanzoni mwa Oktoba, karibu saa tatu usiku, M15 huwa juu ya Ngomeni kwa nyuzi 75 hivi upande wa kaskazini. Darubini yenye kioo cha milimita 80 hulionyesha kama tufe lenye kitovu cheupe, na kwa nebula yake, yenye upana wa sekunde chache tu za tao, huhitajika kioo kikubwa zaidi, kichujio cha oksijeni na usiku usio na upepo.